Maji Yaliyoliwa Rangi na Jua

Mama aliniuliza swali moja tu la kemia maishani mwake, na mimi nikalijibu vibaya. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa chuo, nimerudi nyumbani Juani kwa likizo ndefu na begi la vitabu ambavyo sikufungua hata kimoja. Kichwa kilikuwa kimejaa, lakini kimejaa vibaya: najua kidogo, nasema mengi. Ningekuwa na adabu ya kunyamaza mwaka ule, pengine nisingekuwa na haya ya kuandika.

Kwetu wanawake wanasuka. Ukimkuta mwanamke wa Juani amekaa barazani na mikono haina kitu, utamuuliza anaumwa nini. Ukindu, majani ya mkindu, unakatwa, unaanikwa, unachanwa kuwa chane nyembamba, kisha chane zinachemshwa na rangi ya unga kwenye sufuria kuukuu ambayo haipikiwi tena chakula. Zikishakauka zinaloweshwa kidogo ili zisikatike, ndipo unasukwa ukili, mkanda mrefu usiokwisha, na mikanda hiyo ikishonwa pamoja ndiyo mkeka. Chane inayofuata msukaji huishika kwa midomo. Mikono yote miwili ina kazi, ukili ukiuachia unafumuka, sasa utaiweka wapi? Mama alikuwa na chane mdomoni tangu nimfahamu. Alizungumza nayo, alicheka nayo, alinigombeza nayo. Hata akiniita kutoka uani nilimsikia kwa ile sauti ya mtu aliyebana kitu kwenye pembe ya mdomo.

Zamani mikeka yetu ilikuwa na rangi mbili tatu tu. Walipozidi wageni wanaokuja kuangalia magofu ya Kua, wakawa wanapita kijijini wakitaka mikeka mikali ya zambarau na nyekundu na kijani cha kuumiza macho, wanawake nao wakaanza kuagiza rangi kwa wingi kutoka sokoni Kilindoni. Ilikuja kwenye vifuko vidogo vya nailoni vilivyofungwa kwa mshumaa, havina maandishi. Muuzaji akiulizwa ni rangi gani alisema ni nyekundu.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Visima vya Juani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji matamu yaliyomo ni kitambaa chembamba kilichotandazwa juu ya maji ya chumvi. Kiangazi ukichota kwa pupa unachota bahari. Chane haziloweshwi kwa maji ya chumvi, maana mkeka wake haukauki sawasawa na mvua ikinyesha unatoa jasho. Kwa hiyo kila kiangazi palizuka maneno kisimani. Mwenye mtoto mchanga akimwona mwenzake anabeba ndoo nzima kwa ajili ya ukindu hakuweza kujizuia. Na huku maji ya rangi, baada ya kuchemshia, yalimwagwa tu nyuma ya majiko, mpaka kuku wetu walitembea na miguu ya zambarau.

Mimi msomi nikaona njia. Nilichukua chupa mbili za plastiki, nikazijaza maji ya rangi ya zambarau kutoka sufuria ya mama. Moja nikaiweka juu ya bati la jiko, nyingine nikaifungia kabatini. Baada ya siku kadhaa nikawaita wanawake, mama mdogo akiwa mbele. Huyu ni mdogo wake mama wa tumbo moja, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wasukaji wa upande wetu, mwanamke wa maneno makali na moyo mweupe. Nikatoa ya kabatini: zambarau vilevile. Nikateremsha ya juu ya bati: maji meupe, unaona mkono wako upande wa pili.

"Jua limeila," mama mdogo akasema.

"Limeivunja," nikamsahihisha. Nilipenda kusahihisha. Nikawaeleza kwamba rangi ni chembe ndogondogo zisizoonekana kwa jicho, kila moja inaitwa molekuli, na molekuli ya rangi ni chembe inayonasa mwanga. Ndiyo maana ina rangi. Sasa ikikaa juani inanasa, inanasa, mpaka inalemewa na kuvunjika. Wanawake waliitikia kwa kichwa kama walivyoitikia mawaidha. Mama alikuwa amekaa nyuma, ukili mapajani. Akaitoa chane mdomoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mazungumzo.

"Ikivunjika inakwenda wapi?"

"Inaisha, mama," nikasema.

Nilisema hivyo kwa sababu sikujua, na kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema sijui. Maneno hayo ni mafupi kuliko yale niliyosema.

Kulikuwa na mtumbwi mkuukuu kando ya nyumba yetu, wa marehemu baba, umepasuka upande mmoja. Mama mdogo aliuziba ufa kwa saruji, wakausafisha, na tangu wiki ile maji ya rangi ya nyumba zetu zote yakawa yanamiminwa humo yakae juani. Yalianza meusi kama wino, yakaja kuwa ya chai, yakaja kuwa meupe kabisa. Yakishakuwa meupe wakaloweshea chane. Kisima kikapumua. Ugomvi ukaisha. Nikawa napita njiani naitwa profesa, na mama mmoja aliniombea dua mbele ya watu, dua ndefu, mimi nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo huku nikifurahi mpaka vidole vya miguu.

Mama alinifurahia pia, lakini kwa namna yake. Alisema, "Angalau ada haikwenda bure."

Likizo iliyofuata kuna jambo nililiona. Mvua zilikuwa zimepita, kila kifuu na kila kopo kijijini lilikuwa na viluwiluwi vya mbu vinavyocheza, isipokuwa mtumbwi wetu. Maji yake yalikuwa meupe na matulivu, hakuna hata kimoja. Mama mdogo alinionyesha kwa fahari. "Tazama, mwanangu. Hata mbu hatagi humu. Maji safi haya." Nilitazama. Nilijiuliza kwa nini, sikulifuata swali, nikaenda kula.

Mwaka wa tatu ndipo nilipofundishwa jibu la swali la mama. Mhadhiri wetu alikuwa mzee mkimya mwenye suruali iliyojaa chaki, na somo la siku ile lilikuwa uchafuzi wa maji: mafuta, dawa za kilimo, rangi za viwandani, na yanayozipata zikipigwa na jua. Alisema molekuli ikishanasa mwanga husisimka, na haiwezi kukaa na msisimko huo, lazima iutoe. Yaweza kuurudisha nje kama mwanga hafifu. Yaweza kuyapa maji yaliyo karibu nayo joto kidogo, ikatulia. Yaweza kumtwika jirani, na jirani mara nyingi ni oksijeni iliyomo majini, ambayo ikishatwikwa inakuwa kali, inang'ata chochote kilicho karibu, kiwe rangi, kiwe yai la samaki, kiwe ngozi. Au yaweza kuvunjika. Kisha akageuka kututazama.

"Ikivunjika, kinachovunjika kwanza ni kile kiungo kinachonasa mwanga. Rangi inapotea, watu wanashangilia. Rangi ilikuwa mlango tu. Umevunja mlango, nyumba bado ipo."

Akaendelea kusema kwamba vipande vingine havina madhara, vingine ni vibaya kuliko mzazi wao, na vingi havinasi tena mwanga wa kutosha, kwa hiyo jua linapita ndani yake bila kuvigusa. Vinabaki. Maji yakipungua kwa jua, vyenyewe havipungui.

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nauona mtumbwi. Nilikuwa nawaona wanamimina maji ya rangi, jua linayapunguza, wanaongeza mengine, yanapungua, wanaongeza, mwaka wa pili huo. Nikawaza chane zinavyotoka humo zikichuruzika na mahali zinapokwenda baada ya hapo. Nilikuwa nimeacha kuandika. Jirani yangu akaniuliza kama nina malaria.

Ungetarajia nipige simu jioni ileile. Sikupiga. Nilijiambia jambo kama hili halisemwi kwenye simu, nitawaambia ana kwa ana. Likizo ilipofika nikavuka kutoka Utende nikiwa nimepanga maneno yote, na nilipoteremka nikakuta wamenipikia wali wa nazi na pweza, na mama mdogo amenisukia mkeka wa kupeleka chuoni. Nilikula. Siku ya tatu nikamwambia mama, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Yale maji ya mtumbwini, afadhali msiyategemee sana."

"Kwani jua si linavunja?"

"Linavunja. Ila..."

Hapo wakaingia wageni. Ila yangu ikabaki hewani, na sikuirudia. Nimejitafutia sababu nyingi tangu hapo. Niliogopa. Nilikuwa nimeombewa dua kwa ajili ya maji yale. Sikutaka kuwa yule aliyewarudisha kisimani wakagombane. Nilijiambia pia kwamba sina uhakika, na hilo lilikuwa kweli, lakini siku ya chupa mbili sikuwa na uhakika vilevile na hilo halikunizuia.

Nilimaliza chuo, nikapangiwa kufundisha kemia sekondari huku huku visiwani, kisiwa kikubwa, upande wa Kilindoni. Baadhi ya wiki nilipanda bodaboda mpaka Utende, nikavuka, nikalala kwetu siku mbili. Mtumbwi ulikuwepo. Wanawake walikuwa wanalalamika kwamba mikono inawasha wakisukia juani na kutulia wakiwa kivulini. Wakasema ni ukindu wa siku hizi. Niliwaambia wasuuze chane kwa maji ya kisima kabla ya kusuka. Wakasema ndiyo, mwalimu. Kiangazi kilipofika hakuna aliyesuuza. Miaka ikapita hivyo, na mimi nikazoea kutoutazama upande ule wa nyumba.

Kisha mama akawa na kidonda ndani ya mdomo wa chini, pembeni, pale pale panapokaa chane. Kwanza alisema ameungua kwa chai. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, chai gani hiyo. Alikuwa anakula upande mmoja na kuhamishia chane upande wa pili. Nilimwomba afungue mdomo mlangoni kwenye mwanga, akafungua kama mtoto, nikaona kidonda kigumu chenye kingo nyeupe. Nilikaa chini kwenye kizingiti.

Siku ile nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu mhadhiri na mlango na nyumba. Nilimwambia, "Uliniuliza inakwenda wapi nikakuambia inaisha. Haiishi, mama. Pengine ni yale maji. Nimejua siku nyingi, nikanyamaza."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi," akasema, akajifunga khanga, akaenda kuwatilia kuku pumba.

Nilitaka walau kujua. Nilichota maji ya mtumbwini kwenye chupa ya glasi, nikaifunga kitambaa cheusi tabaka tatu, kwa sababu maji ya namna hii hayaachwi kwenye mwanga. Yakipigwa na jua yanaendelea kubadilika, na utakachopima si kile ulichochota. Nikampigia yule mhadhiri mzee, akakubali kuyaangalia. Chupa nikaipakiza kwenye boti ya kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati, nikampa mpakiaji mizigo maagizo yote. Nilimwambia ni sampuli. Aliitikia vizuri sana.

Kilichotokea nilisimuliwa baadaye. Chupa iliyofungwa kitambaa cheusi, imetumwa na mwalimu, haitakiwi kufunguliwa: abiria walianza kuulizana. Mmoja akasema ni gongo. Mpakiaji, mtu mcha Mungu, hakutaka kusingiziwa amebeba pombe. Akakivua kile kitambaa mbele ya watu, akaisimamisha chupa juu ya mizigo, peupe, kila mtu aone kuwa ni maji. Ikasafiri juani hivyo hadi bara, na huko ikakaa dirishani mwa ofisi ya mizigo siku nne ikisubiri gari. Mpakiaji aliponieleza alikuwa anajisifu. Aliniambia, "Nilikulindia heshima yako, mwalimu." Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Mhadhiri alipima hivyo hivyo. Alinipigia akiongea polepole. Alisema kuna vitu humo, vingi, lakini ili mashine iseme ni nini lazima ijue inatafuta nini, na ili ajue lazima ajue rangi ilikuwa gani mwanzoni. Nikamwambia inauzwa kwenye nailoni, na muuzaji anasema tu ni nyekundu. Akaniambia hilo halitoshi. "Na hata ningejua," akasema, "wewe unaniuliza kama maji haya ndiyo yaliyomdhuru mtu mmoja. Hakuna mashine ya swali hilo, binti yangu."

Nilikata simu nikatamani kuvunja kitu. Nilikuwa kwenye chumba cha walimu, kilichokuwepo ni chaki. Nikazivunja chaki.

Hospitalini Kilindoni alikuwepo daktari kijana, mtu wa bara, mpole, mwenye msalaba mdogo shingoni na Kiswahili cha kwao kule juu. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akaitikia, "Marahaba, baba." Akamwangalia mdomo kwa tochi muda mrefu, kisha akavuta fomu. Akauliza umri, watoto, dawa anazotumia. Halafu akauliza kama anavuta sigara. Hapana. Anatumia tumbaku ya kutafuna, ugoro, tambuu?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu tukiwa kwenye bodaboda: daktari, kuna maji wanayoloweshea chane. Nilikuwa nimeyapanga kwa mfuatano, na rangi, na mtumbwi, na mimi.

"Tambuu," mama akasema. "Nimeila miaka mingi, baba. Tangu usichana."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma na akaandika. Alielezea kwamba tambuu na tumbaku vinajulikana kabisa kuleta vidonda vya namna hiyo mdomoni. Aliandika kwa hati nzuri. Mama yangu hajawahi kula tambuu. Dada zake wanakula, shangazi zangu wanakula, yeye alikuwa anasema inachafua ukili. Nilimtazama, naye alikuwa anamtazama daktari usoni, macho makavu kabisa, kama mtu anayeapa.

Tulipotoka nje nilimwambia, "Mama, tambuu umeila lini?"

"Twende zetu. Boti haitusubiri."

Sikurudi ndani. Mlango wa daktari ulikuwa hatua kumi nyuma yangu, nilizihesabu kwa macho, na sikurudi.

Walimkata bara. Waliondoa nusu ya mdomo wa chini na kipande cha fizi, wakamvuta ngozi ya shavu kuziba pengo. Alishukuru Mungu kwamba ameamka. Maneno yake sasa yanatoka nusu, herufi nyingine hazipatikani tena, na akinywa maji lazima ashikilie khanga kidevuni. Akiwa na watu anajifunika na kunyamaza. Mama yangu, aliyekuwa anaweza kumgombeza mtu aliye nje ya boma akiwa na chane mdomoni.

Yule daktari alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililotumaliza. Hakuridhika kumtibu mmoja. Alikuja Juani mwenyewe na muuguzi, akakusanya wanawake uani kwetu, akawaonyesha picha, akazungumza juu ya tambuu kwa nusu saa. Alimwomba mama radhi, kisha akamtaja kama mfano. Mama alikuwa amekaa hapo na khanga mdomoni, akaitikia. Wanawake walilia. Mama mdogo alikwenda kuleta kijaluba chake cha tambuu, kilichokuwa cha bibi yetu, akakitupa chooni mbele ya watu wote. Wengine wakaapa palepale. Nilikuwa nimesimama pembeni, mita tano kutoka mtumbwini. Ndani mlikuwa na mafungu manne ya chane, yanalowa.

Ijumaa iliyofuata nilivuka nikiwa nimeamua. Niliwakuta wamekaa barazani kwetu wanasuka, mama katikati yao, mikono yake tupu. Nikasimama mbele yao kama darasani na nikasema. Safari hii sikubakisha. Nilisema nilikosea, nilisema rangi haiishi, nilisema mbu hatagi humo kwa sababu maji yana sumu, si kwa sababu ni safi. Nilisema mama hajawahi kula tambuu hata siku moja na wao wenyewe wanajua.

Wakaweka ukili mapajani. Kisha mama mdogo akaniambia, taratibu, kwa sauti aliyonibembelezea nilipofiwa na baba, "Mwanangu, kaa kitako. Huzuni imekuzidi."

"Mama mdogo, wewe ni ndugu yake. Ulimwona lini na tambuu?"

"Mtu ana siri zake. Mwenyewe kamwambia daktari. Sasa wewe unataka kumfanya mama yako mwongo mbele za watu, na hali yake hiyo?"

"Muulizeni."

Wote wakamgeukia. Mama aliniangalia. Nilikuwa namwomba kwa macho, na nadhani hata kwa mikono. Alishika khanga yake, akaibana vizuri kidevuni, akasema kwa ile sauti yake mpya, neno mojamoja ili lisikike:

"Ni tambuu. Mwacheni mtoto. Amechoka."

Mama mdogo akanivuta nikae, akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe, ya kisimani. Wakaanza kuzungumza mambo mengine, harusi ya mtu. Walifanya hivyo kwa kunionea huruma.

Walipoondoka nilimwuliza mama kwa nini. Nilimwuliza kwa ukali, na siku hizi sipendi kukumbuka ukali ule. Nilimwambia, na wao? Na mama mdogo? Nilikwenda mtumbwini nikaupindua kwa nguvu zangu zote, maji yakatambaa mpaka kwenye migomba, na nilijua nilipokuwa naupindua kwamba Jumatatu mimi niko Kilindoni nafundisha na wao wanaujaza. Wameujaza. Huwa naupindua kila nikivuka, na wao hawanisemi. Wanasubiri niondoke.

Mama alinijibu baadaye, jioni, akiwa ameniegemea nikimfuta kidevu.

"Mimi nimebakisha siku ngapi?" akasema. "Wewe utaishi na watu hawa."

Nilipaswa kukasirika. Nilipaswa kumwambia kwamba hana haki ya kuninunulia heshima kwa midomo ya watu wengine. Niliyatafuta maneno hayo nikayapata, yalikuwa tayari, na sikuyasema, kwa sababu nilipoyafikia nilikuta kuna kitu kingine kimeketi chini yake. Nilikuwa nimepata nafuu. Pale barazani, mama mdogo aliposema huzuni imenizidi na wote wakaacha kunitazama, kifua changu kililegea. Nilikuwa nimesema kweli, hawakuniamini, na ndani yangu mtu mmoja alishukuru.

Nilimfuta mama kidevu, nikamwambia asante.